Nilisema Shangazi Anatoroka

Baba hakuwa mtu wa kutupa kitu. Msiba wake ulipokwisha nikaachiwa, kama mtoto wa kwanza, kazi ya kupanga chumba chake pale Butimba. Nilikuta misumari iliyopinda ndani ya kopo la maziwa, vishina vya tiketi za kivuko, na nyuma ya mlango, kwenye msumari wake peke yake, kufuli la shaba. Nililishusha nikalinusa. Lilikuwa bado na harufu ya grisi. Nikakaa sakafuni pale pale na gauni langu jeusi. Nyie wa rika langu mliolelewa na baba wa aina ile mtanielewa. Hatukuhitaji kusikia sauti yake ili kujua amekasirika, tulisikia vyuma tu: geti, stendi ya pikipiki, kufuli.

Kufuli lile kazi yake ilikuwa kulinda sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda chake. Humo mlikuwa na karatasi zetu zote, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ubatizo na hati ya kiwanja. Asubuhi moja ya Jumapili kufuli lilihama sandukuni likaenda kufunga baiskeli, na tangu siku hiyo halikurudi. Aliyelihamisha ni baba, lakini aliyesababisha ni mimi.

Baiskeli ilikuwa ya shangazi Milembe, kitinda mimba wa kwao. Wazazi wao walifariki mapema, baba akamlea yeye mwenyewe, kwa hiyo kwangu alikuwa shangazi kwa cheo tu. Kitanda tulilala kimoja. Alinisuka, alinipigania shuleni, alinifundisha kupiga mluzi, jambo lililomuudhi mama. Kila alfajiri alikwenda Usagara kwa wafugaji kuchukua maziwa, madumu mawili, moja kila upande wa keria, akayaleta Nyegezi kabla hayajachacha. Ni hapo Nyegezi, jirani na stendi ya mabasi, ndipo Fundi Masele wa baiskeli alipomwona akiwapita wanaume kwenye kilima huku madumu yamejaa. Akamuundia baiskeli ya resi kutokana na mabaki ya baiskeli tatu, yenye usukani uliopinda kama pembe za ng'ombe. Mwaka haukuisha, wanawake wa kushindana naye hapa kwetu walikuwa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kisha ikaja habari kwamba kutakuwa na mbio kubwa za wanawake, na kwamba kocha wa timu moja ya nje, mama wa Kizungu, atakuja kuangalia. Timu hiyo ilikuwa inalipa mshahara. Mtu anaamka, anaendesha baiskeli, analipwa, basi. Hakuna mwanamke wa ziwa letu aliyewahi kuipata kazi ya namna hiyo. Kocha angechukua msichana mmoja, na huyo awe na karatasi za kutafutia pasipoti.

Shangazi akamwendea baba kuomba cheti chake cha kuzaliwa. Nilikuwepo, nachambua mchele.

"Cheti unakitakia nini?" baba akauliza.

"Kaka, wakinichagua wataulizia."

"Cheti kinakaa hapa. Na wewe unakaa hapa. Pale kivukoni nimeona mabinti wengi wanavuka na begi, Milembe. Waliorudi nawajua kwa majina."

Hakusema kwa ukatili. Alifanya kazi kwenye kivuko cha Kigongo, kushusha mlango, kufunga kamba, kuhimiza watu, na kila aliyevuka kwenda Busisi alipita mbele ya macho yake. Mwaka uliotangulia binti wa rafiki yake alivuka asubuhi na kijana asiyejulikana kwao, na baba ndiye aliyemshika mkono asiteleze mlangoni, akidhani anakwenda kwa mjomba wake. Jambo lile lilimkaa rohoni. Kwetu binti akisemwa ametoroka, hakuna anayeuliza ametorokea wapi. Wanauliza na nani.

Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, shangazi alinichukua hadi kwa Fundi Masele. Nilipewa soda nikakaa nyuma ya tairi zilizoning'inia, mahali palipokuwa na harufu ya gundi ya pancha ambayo niliipenda mno. Wao walikuwa wanakaza mnyororo. Walidhani nimezama kwenye soda.

"Kesho usikae kwenye kundi," Fundi alisema kwa sauti ya chini. "Ukikaa umeisha. Toroka."

"Nitorokee wapi? Kabla ya Usagara?"

"Mkiwa mnarudi. Mkifika njia panda ya Usagara, mkikata kwenda kivukoni, wote watakuwa wanaangaliana. Hapo hapo, toroka. Usigeuke nyuma mpaka uone ziwa."

"Na wakinifuata?"

"Watakufuata. Wakikukamata, ndiyo basi tena. Na usimwambie mtu, hata nyumbani. Mji huu hauna siri."

Soda ilinipalia. Shangazi akaja kunipigapiga mgongoni akicheka, akaniambia ninywe taratibu, na mimi nikamtazama usoni nikiwaza jinsi mtu anavyoweza kukucheka hivyo huku kesho anakuacha. Tuliporudi nyumbani nilipiga magoti nikachungulia chini ya kitanda chetu. Kulikuwa na begi lake, limefungwa zipu mpaka mwisho. Nilijaribu kulivuta, halikusogea upesi. Nguo za kubadilisha haziwezi kuwa na uzito ule, hata mtoto wa miaka tisa anajua.

Ningeweza kumuuliza mwenyewe. Hilo nimejiambia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini nilikuwa nimemkasirikia, na nilitaka azuiwe, siyo aniambie sababu. Jioni baba aliporudi kutoka zamu akakaa kwenye kigoda uani kunawa miguu, nikamsogelea.

"Baba, kesho shangazi anatoroka."

Mkono wake ulisimama ndani ya beseni. "Nani kakwambia?"

"Nimesikia mwenyewe kwa Fundi Masele. Anatorokea Usagara, anakuja kivukoni kwako, na hatageuka nyuma. Begi lake limejaa. Amesema nyumbani wasijue."

Hakupandisha sauti. Aliendelea kunawa mguu ule ule mmoja ambao ulikuwa umeshatakata. Halafu akaingia chumbani, nikasikia kufuli likitoka kwenye sanduku, klak. Akachukua mnyororo wa zamani wa kivukoni aliokuwa akifungia pikipiki, akaupitisha kwenye baiskeli ya shangazi na nondo za dirisha la sebuleni, akafunga. Ufunguo akautia mfuko wa shati, akabana kifungo. Shangazi alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Aliporudi giza lilikuwa limeingia, alikula, akalala, hakuona kitu. Mimi niligeukia ukutani nikajifanya nimelala.

Asubuhi aliiona. Nilisikia mnyororo ukigongana na nondo mara moja. Mbio zilikuwa zianze saa tatu, Nyegezi. Baba alikuwa ameshaketi mbele ya dirisha, amevaa shati lake la kazi, kikombe cha uji mkononi.

"Kaka, naomba ufunguo."

"Kaa unywe uji."

"Kaka, nitachelewa."

"Muulize Limi utachelewa wapi."

Shangazi akanigeukia. Nilikuwa nimeshika kona ya kanga ya mama. Sikuweza kumtazama, nikayasema maneno yote nikiiangalia miguu yangu, Usagara, kundi, usigeuke nyuma. Nilipomaliza alitoa kicheko kifupi kisichokuwa cha furaha.

"Limi, jamani! Kutoroka kwa baiskeli! Ni kuwaacha wenzako kwenye mbio!"

"Na begi?" baba akauliza.

Shangazi akarekebisha kanga kiunoni. "Nguo za kubadilisha."

"Hebu kaa unywe uji, Milembe."

Hakunywa. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, kanga juu ya kaptula yake ya mbio, akaweka mikono magotini. Hakulia wala hakubembeleza tena, na hilo lilinitisha kuliko kelele. Jua lilipanda ukutani kwa jirani. Mama alifagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba neno moja linaweza kuwa na maana mbili na kwamba mimi nimechukua ile mbaya nikamkabidhi baba. Nilisogea nikamwambia, "Baba, nilikosea." Akajibu bila kunitazama, "Nani amekufundisha kusema hivyo?"

Saa mbili ikiwa imepita, pikipiki ikaunguruma getini. Alikuwa Fundi Masele, mbio mbio, jasho limemjaa. Sasa huyu mtu alikuwa na mazoea yake, kila mwanamume mwenye dada alimwita shemeji. Ni utani wake wa karakana, hakuna aliyewahi kuujali. Akaingia uani akipaza sauti:

"Shikamoo shemeji! Bibi harusi wangu yuko wapi, tunachelewa!"

"Yesu wangu," mama akasema, akaangusha ufagio.

Baba alisimama. Uji ukamwagika kwenye suruali, hakuhangaika nao. Alikuwa mtu mrefu, mikono imekomaa kwa kamba, na nilimwona akimpima Fundi kuanzia viatu mpaka kichwani. "Rudia ulivyosema."

Fundi alitazama baiskeli, mnyororo, uso wa shangazi, uso wangu. Siyo mjinga. Utani ukamtoka mwilini kama homa. "Mzee," akasema, na safari hii hakusema shemeji, "nina mke na watoto watano pale Mkolani. Unipe dakika tatu, baadaye unipige ukitaka."

Akachuchumaa. Mfuko wake wa ovaroli ulikuwa umejaa vizibo vya soda, akavimwaga chini akavikusanya pamoja. "Hili ni kundi. Wote hawa ni wasichana wa mbio. Wa mbele anakula upepo, wa nyuma wanajificha mgongoni kwake. Wanapokezana. Ndani ya kundi ni raha, hata kama umechoka unavutwa." Akavisogeza vyote kwa kiganja. "Lakini wakifika mwisho pamoja, anashinda mwenye mapaja ya kuchomoka hatua mia za mwisho. Milembe hana hayo. Milembe ana pumzi, pumzi za kubeba maziwa kupanda vilima. Mwenye pumzi lazima aache kundi mapema." Kwa kidole kimoja akakitoa kizibo chekundu, akakisukuma mbele peke yake kwenye vumbi. "Hiki ndicho tunakiita kutoroka."

Baba alikitazama kile kizibo. "Huyu anakula upepo peke yake."

"Peke yake, Mzee."

"Njia nzima."

"Mpaka kivukoni kwako."

"Na wakimkamata?"

"Basi, amejichosha bure."

Fundi alitazama saa yake, akauficha mkono. Baba akanigeukia. "Limi. Maneno uliyosikia ni haya?" Nikaitikia kwa kichwa, machozi yananichuruzika. Akamtazama shangazi kwa muda mrefu. Shangazi naye alimtazama. Baba akaingia ndani.

Alikaa huko. Nikasikia kifuniko cha sanduku la bati kikigonga ukuta kama kinavyogonga kikifunguliwa mpaka mwisho. Nikashangaa, maana ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, sasa ndani anatafuta nini? Fundi alikuwa anazunguka uani kama anayetaka kwenda msalani. Baba akatoka na begi la shangazi mkononi. Akamkabidhi Fundi. "Mpelekee kivukoni. Asije akakosa nguo za kubadilisha." Ndipo akafungua kifungo cha shati, akatoa ufunguo, akafungua kufuli. Mnyororo ukaanguka.

"Haya," alimwambia shangazi. "Toroka. Lakini ukitoroka, toroka kweli. Usije ukaishia katikati."

Shangazi alikuwa ameshapanda.

Mama alinifukuza nyumbani kwa upole kwa sababu sikuacha kulia, kwa hiyo baba alipokwenda zamu yake ya mchana alinipakia kwenye pikipiki mbele yake. Kigongo palikuwa pamejaa watu pande zote mbili za barabara, mpaka kwenye mabanda ya samaki wa kukaanga. Kocha wa Kizungu alisimama kivulini na mkalimani wake. Watu walisema msichana wa maziwa alifika mstari wa kuanzia bendera imeshashuka, akaanza akiwa wa mwisho.

Kisha kelele zikaanza kwa mbali kule juu, zikaja zikishuka kwetu. "Mmoja! Mmoja peke yake!" Nilipenya katikati ya miguu ya watu. Alikuwa yeye. Alikuja ameinama, upepo wa ziwa ukimpiga usoni, mdomo wazi, na nyuma yake kulikuwa na barabara tupu, halafu ghafla haikuwa tupu. Msichana wa jezi ya kijani alikuwa anakuja. Shangazi hakugeuka nyuma, sijui kama alijua. Kwenye banda la kwanza walikuwa wameachana kwa urefu wa basi. Kwenye banda la mwisho gurudumu la kijani lilikuwa linalingana na la kwake, na mstarini lilikuwa mbele.

Amekamatwa. Nitasema ukweli kwa sababu nimeuficha kwa miaka mingi: nilifurahi. Shangazi yangu ameshindwa na leo tutalala kitanda kimoja. Nilifurahi kwa moyo wangu wote, na muda huo huo nilijua kwamba nimemwibia dakika zile alizochelewa.

Fundi Masele alimpa shangazi begi, naye shangazi akaingia nalo kwenye banda la mama mmoja muuza chakula ili abadilishe. Alichelewa humo. Kivuko kilikuwa kimeshusha mlango, magari yanaingia. Shangazi alipotoka alikuwa amejifunga kanga, amelikumbatia begi kifuani, macho mekundu. Nikadhani analia kwa kushindwa. Alitembea mpaka karibu kabisa na mlango wa kivuko, akasimama. Baba alikuwa juu, kamba mkononi. Walitazamana.

"Unavuka huvuki?" baba akauliza, kwa sauti ile ile aliyomuulizia kila abiria.

Injini ilikuwa inanguruma. Wanaume wenye kuku walimpita. "Sivuki, kaka," akasema.

Baba akapandisha mlango. Wakati kivuko kinarudi nyuma kutoka gatini, mkalimani alikuja anapenya kwenye umati akiuliza watu kwa jazba: "Yule aliyetoroka yuko wapi? Mama kocha anamtaka aliyetoroka. Anasema mwenye mapaja anaye tayari, anataka mwenye pumzi."

Shangazi alisaini, akaondoka kabla ya mvua za vuli. Ya huko mengine mnaweza kuyakisia. Miaka ya kwanza kazi yake ilikuwa kurudi nyuma kwenye gari la timu, kujaza chupa kwenye jezi na kuwapelekea wenzake maji, na baba hakuwahi kulielewa hilo. "Yaani wanakulipa kubeba maji?" alimuuliza kwenye simu. "Hapa ulikuwa unabeba bure." Alivunja mtulinga, mfupa wa begani, mara mbili. Alitoroka mara nyingi na mara nyingi alikamatwa, na mara moja hakukamatwa, katika mji ambao baba alijaribu kuutamka mbele ya wenzake kivukoni mpaka wakamwomba aache. Aliendesha mpaka magoti yakagoma, sasa anafundisha wasichana. Picha yake imebandikwa kwenye karakana ya Nyegezi, katikati ya tairi. Lakini nyumbani alikuja kwa nadra, kitanda kikabaki changu peke yangu, na mimi sikuwahi kumwomba msamaha. Niliona aibu.

Kwa msiba wa baba alikuja kupitia Kigali, akavuka pale pale Kigongo kwa gari, juu ya daraja, dakika chache tu. Anasema aliomba dereva apunguze mwendo. Siku ile nilipokaa sakafuni na kufuli, nilikuwa nimeshapanga vyeti vyote juu ya kitanda, changu, vya wadogo zangu, cha mama, cha baba mwenyewe. Cha shangazi hakikuwemo. Akanikuta hapo.

"Shangazi," nikasema, "nisamehe."

"Kwa lipi tena?"

"Kwa kumwambia baba unatoroka."

Alikaa karibu nami, taratibu, kwa ajili ya magoti. "Lakini nilikuwa natoroka, Limi. Hukukosea. Nikichaguliwa, sawa. Nisipochaguliwa, nilikuwa navuka Busisi, naenda Geita, Ngara, mpaka Rwanda nikatafute timu huko huko. Begi lilikuwa na nguo zangu zote na picha ya marehemu mama yangu. Nilikuwa na hasira na kaka, nikaapa sitarudi."

"Mbona hukuvuka?"

"Nilifungua begi pale bandani nivae gauni. Picha ya mama ilikuwa imewekwa juu kabisa, na mimi nilikuwa nimeificha chini. Chini yake kulikuwa na cheti changu." Alilichukua kufuli mkononi mwangu akaligeuza. "Kaka alikuwa ameona kila kitu. Akanifungulia hivyo hivyo. Nikatoka pale nikamwangalia juu ya kivuko, hasira yote imeniishia, sina pa kuipeleka."

Alifungua mkoba wake, akatoa bahasha ya nailoni. Cheti kilikuwa kimelegea kwenye mikunjo. Akakilaza juu ya cha baba, akavipanga vyote sandukuni, akafunika. Nilidhani atafunga. Aliinuka akishikilia kitanda, akaenda nyuma ya mlango, akalirudisha kufuli kwenye msumari wake.